Maleba ya Halloween ya watoto watatu kwa dola 40: anzia kwenye koti la baridi

Swali

Msomaji anayejiita Mama wa Watatu, mkazi wa Brooklyn Park katika jimbo la Minnesota, Marekani, anajiandaa kwa Halloween, ile jioni ya Oktoba 31 ambapo watoto huvaa maleba na kupita nyumba kwa nyumba kuomba peremende. Ameandika hivi: "Watoto wangu wana miaka tisa, sita na mitatu. Mkubwa anataka kuwa popo, wa kati anataka kuwa simba, na mdogo nimemchagulia boga kwa sababu yeye bado hana la kupinga. Mwaka jana nilinunua maleba ya Halloween dukani. Yalichanika kabla hatujamaliza kuzunguka mtaa wetu, na kwa kuwa watoto walikuwa wakitetemeka kwa baridi, ilibidi tuyafunike kwa makoti, hata hakuna aliyejua wamevaa nini. Mwaka huu nimetenga dola 40 kwa wote watatu. Ninayo cherehani ndogo ya umeme ambayo naitumia kupinda mapazia na kufupisha suruali, ingawa ikikutana na kitambaa kinene huruka mishono. Rafiki yangu ananiambia niwavike vitenge tu, yaishe. Je, naweza kushona kitu cha maana kwa fedha hizo, na nianzie wapi?"

Jibu

Dada yangu, unaweza, na fedha hizo zinatosha ukikubali jambo moja ambalo limo ndani ya malalamiko yako mwenyewe. Maleba mengi ya dukani hukatwa kana kwamba mtoto atayavaa sebuleni, ilhali watoto wa Minnesota huyavaa nje, gizani, katika jioni ya mwisho wa Oktoba ambayo mara nyingi huwa na digrii chache tu juu ya sifuri. Wakazi wa huko wanakumbuka Halloween ya mwaka 1991, theluji ilipoanza kuanguka Oktoba 31 yenyewe, na ilipokoma siku tatu baadaye ikawa imefika inchi 28.4 katika miji ya Minneapolis na St. Paul. Watoto wa jimbo hilo wamezoea tangu zamani kuvaa maleba juu ya nguo nzito. Hata mji wa Anoka, ambao si mbali nawe na ambao umekuwa ukifanya gwaride la Halloween tangu mwaka 1920, huwaona watoto wake wakipita barabarani na sweta zao chini ya mabawa na majoho.

Kwa hiyo usianze kwa kutafuta kitambaa. Anza kwa kutoa makoti ya watoto kabatini, kuwavika, na kuwapima wakiwa wameyavaa. Kila kipimo nitakachokutajia hapa kinachukuliwa juu ya koti. Kisha jiulize mtu anayefungua mlango anamwona mtoto vipi: anaona kichwa, mabega na umbo la jumla, kwa sekunde chache, katika mwanga wa taa ya barazani. Hatazami kama suruali ya simba ni ya rangi ya simba. Fedha zako na saa zako za kushona ziende kichwani na mabegani, na kuanzia kiunoni kwenda chini mtoto avae nguo atakayoendelea kuivaa Novemba na Desemba. Ukishona hivyo, hutakuwa na haja ya kumtengenezea kila mtoto vazi zima kuanzia shingoni hadi miguuni, na kazi inayotisha itageuka kuwa vipande vitatu vya wastani ambavyo mtu aliyezoea kupinda mapazia anaviweza.

Kuhusu ushauri wa rafiki yako, naomba nitofautiane naye kwa heshima. Kitenge ni vazi la heshima ambalo watoto wako huliona kwa mama na bibi yao, na nisingependa walijue kama kitu cha kuvaliwa usiku mmoja wa kujigeuza, sawa na popo na boga. Zaidi ya hapo, ni pamba nyepesi isiyozuia baridi, na mtoto uliyemwahidi kuwa popo hatakuelewa.

Sasa vitambaa. Wengi waliozoea kushona Marekani walikuwa wakitegemea maduka ya Joann, lakini yote yalifungwa mwaka 2025, na leo wengi huenda Hobby Lobby, Michaels au Walmart. Kwa bajeti yako, hata hivyo, ningepita kwanza kwenye maduka ya mitumba kama Goodwill na Savers, tena nisiende sehemu ya maleba bali sehemu ya mablanketi na mashuka. Unachotafuta ni blanketi dogo la flisi (kitambaa laini cha poliesta chenye manyoya mafupi), lile la kujifunika mtu akiwa kwenye kochi, ambalo kwa kawaida huwa na upana wa inchi 50 na urefu wa inchi 60, yaani takriban sentimita 127 kwa 152. Flisi haitoki nyuzi ikikatwa, na sifa hiyo peke yake inakuondolea karibu nusu ya kazi, kwa kuwa huhitaji kupinda kila ukingo. Ni nyepesi, ina joto, na ikilowa hukauka upesi. Tafuta moja la rangi ya machungwa na jingine la kahawia au la rangi ya haradali. Kama madukani kuna jipya la bei ndogo, chukua hilo, kwa sababu Septemba na Oktoba rangi ya machungwa hupatikana kila mahali.

Epuka satini nyembamba inayong'aa, hata ikiwa ya bei rahisi kiasi gani. Huteleza chini ya mguu wa cherehani, huchakaa ukingoni kabla hujamaliza kuikata, na mshono wake hufunguka mtoto anapoinua mkono. Nina hakika sehemu kubwa ya yale yaliyochanika mwaka jana ilikuwa ya namna hiyo. Mahameli nayo ni nzuri machoni lakini humtesa anayejifunza, maana tabaka mbili zake hutambaa kila moja upande wake. Felti, kile kitambaa cha nyuzi zilizogandamizwa, ni sawa kwa vipande vidogo vya urembo, kama macho na pembe, lakini ukiifanya nguo nzima itakauka kama ubao na kuchanika kwenye makwapa.

Nakushauri ugawe dola zako 40 hivi: 15 kwa mablanketi mawili ya flisi, saba kwa sweta jeusi la mtumba lenye kofia, nane kwa sindano, uzi, lastiki na vipande vya felti, tano kwa utepe unaoakisi mwanga, na tano zibaki akiba, maana jambo moja litaharibika tu. Usipunguze fedha ya uzi. Chukua uzi wa poliesta ulio mzuri, kwa kuwa uzi wa zamani wa pamba uliokaa koponi miaka mingi hukatika kila mita, na ndiyo maana watu wengi hulaumu cherehani isiyo na kosa.

Nianze na boga, kwa kuwa ndilo rahisi na litakupa moyo wa kuendelea na mengine. Mvike mdogo koti lake, mpime mzunguko wa tumbo, kisha zidisha kwa moja na nusu ili vazi lipate kufura. Tuseme mzunguko ni sentimita 80. Utapata 120, ambayo ukiigawa kwa vipande viwili, mbele na nyuma, inakuwa 60 kila kimoja, na ukiongeza sentimita moja na nusu kila upande kwa ajili ya mshono unapata 63. Urefu unaupima kutoka begani hadi katikati ya paja, tuseme 50, unaongeza kumi za kufura, tatu za njia ya lastiki shingoni na tatu za njia ya lastiki chini, jumla 66. Vipande viwili vya 63 kwa 66 vinaingia kwa upana mmoja wa lile blanketi la machungwa, na kitabaki kipande kikubwa ambacho tutakihitaji kwa simba. Usikitupe wala usikikate ovyo.

Kabla hujaunganisha chochote, laza kipande cha mbele mezani na ushone sura ya boga: pembetatu mbili za felti nyeusi kwa macho, moja ya pua, na mdomo wenye meno machache makubwa. Ukingoja mpaka vazi liwe mfuko, hutaweza kuuingiza mkono wa cherehani ndani yake bila kushona mbele na nyuma pamoja. Zishike pembetatu kwa pini, kisha zungushia mshono wa zigizaga. Baada ya hapo shona ubavu mmoja na mwingine, ukiacha tundu la mkono lenye urefu wa sentimita 20 kila upande, kuanzia sentimita nane kutoka ukingo wa juu. Pinda juu na chini sentimita tatu, shona ukiacha upenyo mdogo, na upitishe lastiki kwa pini kubwa. Ya shingoni iwe kama sentimita 45, ipite kichwani bila kubana shingo, na ya chini iwe kama 75, impe nafasi ya kupiga hatua. Wengi hujaza boga kwa magazeti yaliyokunjwa, na mimi nakuomba usifanye hivyo, kwa sababu karatasi hushika moto, hulowa na kuwa nzito, na mtoto wa miaka mitatu huanguka kwa uzito mdogo sana. Koti lililo ndani linatosha kulifurisha vazi. Shina la boga litoke kwenye kofia yake ya kawaida ya sufu: kipande cha felti ya kijani kilichokunjwa kama bomba fupi, kilichoshikizwa juu kwa mkono.

Kuna jambo la gari ambalo lazima nilitaje hapa. Nguo nene chini ya mikanda ya kiti cha mtoto huifanya mikanda ionekane imekaza ilhali imelegea, na ajali ikitokea nguo hujikandamiza na mtoto huchomoka. Kwa hiyo boga, pamoja na koti lake, livaliwe mkishashuka garini. Hii ndiyo sababu nimelichora vazi linalopita kichwani kwa mara moja bila zipu wala vifungo.

Simba wako ni kazi ya manyoya ya shingoni, na hapa ndipo ningependa utulie, kwa kuwa manyoya yakikaa vizuri hutahitaji kitu kingine. Kosa la kawaida ni kuyashona juu ya kitambaa cha kichwani, ambacho mtoto hukivuta na kukitupa ndani ya dakika kumi. Yashone kwenye ukanda wa peke yake utakaoshikizwa kwenye ukingo wa kofia ya koti. Pima ukingo wa kofia hiyo kutoka upande mmoja wa kidevu, kupitia juu ya paji la uso, hadi upande wa pili. Kwa mtoto wa miaka sita ni karibu sentimita 60, lakini fuata futi yako na si maneno yangu. Kata ukanda wa flisi wa urefu huo na upana wa sentimita sita.

Manyoya yenyewe yawe tabaka mbili. Tabaka la nyuma liwe la kahawia, kipande cha urefu wa sentimita 90 na upana wa 28. Tabaka la mbele litoke katika masalio ya blanketi la machungwa, urefu uleule wa 90 na upana wa 22. Kila kipande kikate mikato kutoka kingo zote mbili ndefu kuelekea katikati, mkato mmoja kila baada ya sentimita mbili, ukiacha sentimita nne za katikati bila kukatwa. Usipime kila mkato kwa rula; manyoya yaliyolingana sana huonekana kama pazia la bafuni, na mikato iliyopishana kidogo urefu na upana ndiyo inayoleta uhai. Kisha weka machungwa juu ya kahawia, pitisha mishono miwili mirefu ya bandi (mishono ya kushikiza kwa muda) katikati kwa mkono, na vuta nyuzi polepole mpaka sentimita 90 zipungue kuwa 60. Sambaza mikunjo ilingane, ilaze juu ya ukanda, na shona kwa cherehani katikati mara mbili. Manyoya ya upande mmoja yatamwangukia usoni na ya upande wa pili yatalala nyuma juu ya kofia. Yale ya usoni yapunguze kwa mkasi mtoto akiwa amevaa, hasa juu ya macho, mpaka aone kushoto na kulia bila kugeuza kichwa.

Masikio ni nusu duara mbili za flisi, kila sikio tabaka mbili, yenye mkunjo mmoja chini ili yasimame. Yashone nyuma ya manyoya, mbali kidogo na kilele cha kichwa, kwa sababu masikio yaliyo juu kabisa humfanya simba aonekane sungura. Mkia uwe bomba la flisi lenye urefu wa sentimita 40, lijazwe masalio ya kitambaa, liwe na shada la kahawia mwishoni, na lishonwe kwenye mkanda wa lastiki unaovaliwa kiunoni juu ya koti. Usipite nyuma ya goti, kwa kuwa nyumba za huko zina ngazi mlangoni na mtoto anayefuata nyuma ataukanyaga.

Kuushikiza ukanda kwenye koti, tumia sindano ya mkono na uzi wa mara mbili, mishono ya sentimita moja moja, na pitisha sindano kwenye pindo la kofia tu, pale ambapo kitambaa kimekunjwa. Usitoboe mwili wa koti la kuzuia maji, kwa sababu kila tundu la sindano litapitisha maji msimu mzima. Novemba mosi utakata bandi hizo kwa mkasi mdogo na koti litarudi kuwa koti la shule.

Popo anahitaji mwavuli mweusi uliovunjika, na kwa majirani zako lazima upo. Nailoni ya mwavuli ni nyepesi, haipitishi maji, na ukingo wake tayari una umbo lile la mabawa ya popo ambalo ukilikata mwenyewe huwa gumu kupatia. Kata nyuzi zinazokifunga kitambaa kwenye vyuma, kitoe chote, na utupe vyuma mara moja, maana ncha zake ni hatari. Mwavuli wa kawaida una vipande vinane vya pembetatu vilivyounganishwa. Maelekezo mengi husema uukate katikati, nusu kila upande, nami naona nusu ni nyingi mno kwa mtoto wa miaka tisa, kwa kuwa mkono ukishuka nailoni yote hiyo hurundikana ubavuni. Vipande vitatu kila upande vinatosha: mkono ukinyooshwa pembeni, bawa linakaa na mikunjo kidogo, na bado anaweza kuinua mkono juu kubonyeza kengele ya mlango. Viwili vinavyobaki vitakuwa masikio.

Sweta jeusi la mtumba liwe kubwa kuliko kipimo chake, liweze kupita juu ya koti jepesi au juu ya sweta jingine nene. Weka ile ncha ya katikati ya mwavuli kwenye kwapa la sweta, upande mmoja ulale kando ya mshono wa chini wa mkono na upande wa pili ushuke kando ya mshono wa ubavu. Pigia bandi kwanza, umvike, umwambie ainue mikono, ainame na akae, ndipo upitishe cherehani. Mkononi acha sentimita nane kabla ya kifundo ili glavu zipate nafasi, na ubavuni acha sentimita kumi kabla ya pindo la sweta, kwa sababu mtoto ataomba kwenda msalani na sweta lazima lipandishwe kwa urahisi. Kama mwavuli ni mkubwa kuliko mkono wake, punguza upande ulionyooka na uache ukingo wenye mawimbi kama ulivyo.

Tatizo la popo ni weusi wake. Dereva hamwoni. Ule utepe unaoakisi mwanga mshonee kwanza huyu, kisha kinachobaki wagawie wenzake: mstari mmoja mgongoni chini ya kofia, na mmoja katika kila bawa karibu na ukingo. Kwa simba utepe ukae mkiani na kwenye mkanda wa kiunoni, na kwa boga nyuma, juu kidogo ya lastiki ya chini. Ni afadhali ukose felti kuliko kuukosa utepe huu.

Watoto hubadili mawazo, na ikitokea mkubwa akaamua wiki ya mwisho kwamba sasa anataka kuwa mchawi au mfalme, joho ndilo litakalokuokoa. Shuka la mtumba la kitanda kimoja, lile la kutandika lisilo na lastiki, lina takriban sentimita 168 kwa 244. Joho la nusu duara linakatwa hivi: chukua mzunguko wa shingo juu ya koti, tuseme 40, ugawe kwa 3.14, upate karibu 13, ambayo ndiyo nusu kipenyo ya tundu la shingo. Ongeza urefu unaotaka, tuseme 68, na nusu kipenyo ya joho zima inakuwa 81. Funga chaki kwenye kamba ya urefu huo, shikilia mwisho wa pili katikati ya ukingo wa shuka, na uchore. Joho hilo linaenea ndani ya upana wa shuka, na litakuachia kitambaa cha kutosha joho jingine. Lisifungwe kwa kamba shingoni. Tume ya Marekani ya usalama wa bidhaa ilitoa mwongozo mwaka 1996 kuhusu kamba za shingoni kwenye nguo za juu za watoto, na mwaka 2011 ikazitangaza rasmi kuwa hatari kubwa, kwa sababu hunasa kwenye milango na vyuma na kumkaba mtoto. Weka kipande cha velkro cha sentimita nne kila upande, ambacho kikivutwa kwa nguvu hufunguka chenyewe. Kumbuka pia kwamba shuka la pamba hushika moto kwa urahisi kuliko flisi na nailoni. Na flisi na nailoni nazo, ingawa huchelewa kuwaka, huyeyuka na kung'ang'ania ngozi. Barazani kwa watu kutakuwa na maboga yenye mishumaa ndani, kwa hiyo lisiwepo vazi linaloburuta chini wala mkono mpana unaoning'inia, na yale mabawa ya popo yasishuke chini ya mapaja.

Kinyago sikukishauri kwa yeyote, kwa sababu hupunguza kuona na shule nyingi hukikataza. Uliza shule yenu mapema, kwani nyingine haziruhusu maleba kabisa siku za masomo. Pua ya simba na duara za kuzunguka macho ya popo zichorwe kwa rangi za uso. Idara ya chakula na dawa ya Marekani hushauri rangi hizo zijaribiwe siku mbili hivi kabla, sehemu ndogo ya mkono, kuangalia kama ngozi inawasha au kuvimba.

Nimeliacha mwisho swali la cherehani kuruka mishono, kwa kuwa lisipotatuliwa mengine yote hayashoneki. Flisi ni kitambaa cha kufumwa kwa vitanzi, na sindano ya kawaida yenye ncha kali iliyokwisha kupinda mapazia mengi huisukuma badala ya kuipenya, hivyo uzi wa juu haukutani na uzi wa chini. Nunua pakiti ya sindano namba 14, zinazoandikwa 90/14, za vitambaa vinavyonyumbuka, ambazo ncha yake ni ya mviringo. Badilisha sindano kabla ya kuanza boga, na ubadilishe tena kabla ya kushona nailoni ya mwavuli, ambayo kinyume chake inataka sindano kali na nyembamba zaidi, namba 11 au 12. Urefu wa mshono uweke milimita tatu hadi tatu na nusu. Mishono mifupi kwenye flisi huvuta ukingo na kuufanya uwe na mawimbi. Kama cherehani yako ina kitufe cha kupunguza mkandamizo wa mguu, upunguze. Pale ambapo sweta, nailoni na mshono wa zamani hukutana kwapani, usikanyage pedali; zungusha gurudumu kwa mkono, mshono mmoja mmoja, mpaka uvuke unene huo. Pasi ya moto usiiguse flisi, maana hung'aa na kuyeyuka. Bonyeza mshono kwa vidole tu. Na kabla ya kila vazi, shona sentimita 20 kwenye masalio ya kitambaa hichohicho, katika tabaka zilezile utakazoshona, kisha yavute kwa nguvu pande zote mbili. Mshono ukikatika, legeza kidogo mkazo wa uzi wa juu na ujaribu upya, mpaka uvutike pamoja na kitambaa bila kuachia.